Kamba ya Usumba na Uzi wa Kaboni

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari ya sayansi itakayosomwa na mzazi aliye nyumbani kama itakavyosomwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Nimechagua habari ya nyuzi. Katika maabara za dunia hivi sasa hutengenezwa nyuzi za plastiki nyembamba mno, hata jicho haliwezi kuuona mmoja wake, na ndani yake hutiwa vipande vya kaboni ili zipate nguvu. Wanafunzi wamenijia mara nyingi na neno "nano", wakilitamka kama jina la dawa ya mganga. Si dawa wala si uganga. Mimi ni mtu wa Kizimkazi, nami nitaanza na kitu ambacho kila mtoto wa kwetu amekishika, yaani kamba ya usumba, kwa kuwa shida inayowasumbua wataalamu wa nyuzi hizo mpya ndiyo ile ile waliyoishinda zamani wanawake wa pwani yetu.

Kusini ya Unguja makumbi ya nazi hufukiwa katika mchanga wa pwani, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, yakawekewa mawe juu, yakaachwa miezi mingi. Maji ya chumvi na vijidudu huiozesha ile nyama laini iliyozishika nyuzi, lakini nyuzi zenyewe hazifi. Kisha makumbi hufukuliwa, yakapondwa kwa gongo, usumba ukaoshwa na kuanikwa, ndipo ukasokotwa kwa viganja vya mikono. Kwa kamba za namna hii mbao za mitepe ya zamani zilishonwa pamoja bila ya msumari, na mitepe hiyo ikasafiri bahari yote hii.

Sasa tazama jambo la ajabu ambalo, kwa kuwa tumelizoea, hatulioni. Uzi mmoja wa usumba aghalabu haufiki shubiri moja na nusu. Kamba ya nanga yaweza kuwa na urefu wa pima 20. Basi hakuna hata uzi mmoja unaotoka kichwa cha kamba ukafika mkiani mwake. Hakuna fundo kati yao, wala hakuna gundi. Ni kitu gani basi kinachoyachukua mavuto ya mashua kutoka uzi huu mpaka uzi ule, mpaka ule mwingine, hata yakafika kwenye nanga?

Ni msuguano. Msokotaji hushika mafungu mawili ya usumba, akayapinda yote kwa upande mmoja, kisha mafungu hayo yakajizungusha moja juu ya jingine kwa upande wa pili. Kila fungu lataka kujifumua, na kwa kutaka kujifumua hulikaza fungu mwenzake. Kamba ikivutwa, nyuzi hubanana zaidi, na kadiri zinavyobanana ndivyo zinavyoshindwa kuteleza. Uzi mfupi ukiwa umebanwa na wenzake kwa urefu wa kutosha huwapa wenzake mzigo wake kidogo kidogo, nao huwapa walio mbele. Fumua kipande cha kamba mpaka nyuzi zilale sambamba, kisha kivute: kitaachana mikononi mwako kama pamba, na ukiutazama usumba wako hutaona hata uzi mmoja uliokatika.

Hapo pana maneno mawili ambayo naomba msomaji ayakumbuke mpaka mwisho wa makala haya, kukatika na kuponyoka. Kamba yaweza kuharibika kwa sababu nyuzi zake zimekatika, au kwa sababu zimeponyokana. Kamba iliyoponyoka haikuitumia nguvu ya nyuzi zake. Ukisokota kwa ulegevu, kamba huponyoka. Ukisokota kupita kiasi, nyuzi hulala upandeupande sana, mavuto hayaji kwa urefu wake, na kamba hudhoofika pia. Kati ya hapo pana kiasi chake, nacho wakijua viganja vya msokotaji aliyezoea.

Tuingie ndani ya uzi wenyewe, kwani huko nako kuna kamba. Uzi wa usumba una upana wa kama robo ya milimita. Ukitazamwa kwa darubini kali huonekana kuwa umejengwa kwa vijinyuzi vidogo sana vya selulosi, vyembamba kwa kiasi cha nanomita chache tu, vilivyozunguka kama ngazi ya mnara na kugandishwa kwa kitu kinachoitwa lignini. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mafungu 1,000,000,000. Usumba una lignini nyingi, yapata mafungu mawili katika matano ya uzito wake, na hiyo ndiyo sababu moja ya kuvumilia maji ya bahari. Vijinyuzi vya selulosi katika usumba vimelala mshazari, karibu nyuzi 45 kwa kipimo cha pembe. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, vijinyuzi vyake vimenyooka zaidi. Kwa hiyo uzi wa mkonge una nguvu kuliko wa usumba, lakini haunyumbuki sana kabla ya kukatika, ambapo usumba huweza kurefuka kwa sehemu 15 mpaka 40 katika kila 100. Baharia anayefunga chombo mahali pa mawimbi anajua faida ya kamba inayonyumbuka.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa makusudi. Kumbi la nazi limekwisha kufanya kazi ile ile tutakayoisoma hapa chini, yaani kutia vijiti vyembamba vyenye nguvu ndani ya kitu laini, vikashikwa barabara. Mwenyezi Mungu ameiweka hekima hiyo juu ya mti, nasi twaipasua kwa shoka ili tupate tui.

Nyuzi mpya nazo hutengenezwa hivi. Huchukuliwa plastiki, au kwa neno la kitaalamu polima, yaani kitu ambacho molekuli zake ni minyororo mirefu. Huyeyushwa katika kimiminika kinachofaa mpaka kikawa kizito kama asali nyepesi. Hutiwa katika bomba la sindano, na sindano ile huunganishwa na umeme wa volti 10,000 mpaka 30,000. (Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Mwanafunzi asithubutu kulijaribu jambo hili nyumbani wala skuli.) Mbele ya sindano, kwa umbali wa sentimita 10 mpaka 20, huwekwa bamba la chuma. Tone linapotokea kwenye ncha ya sindano hujaa umeme. Umeme wa namna moja husukumana, na bamba lile hulivuta tone. Basi tone huacha umbo lake la mviringo, likachongoka kama pia, na kutoka kwenye ncha ya pia hiyo huruka mchirizi mwembamba. Mchirizi huenda moja kwa moja kwa masafa mafupi, kisha huanza kuyumba na kujipinda kwa duara, duara juu ya duara, kama mjeledi, na katika kuyumba huko huvutika na kurefuka na kukauka papo hapo. Kinachofika kwenye bamba ni uzi mkavu wenye upana wa nanomita mia chache, umelala ovyo juu ya wenzake kama utando mweupe.

Wataalamu huita kazi hii kusokota kwa umeme, ingawa kwa kweli hakuna kinachosokotwa. Kingeitwa kuvuta uzi kwa umeme ingekuwa sawa zaidi, lakini majina ya sayansi yakisha kuingia vitabuni hayatoki.

Jambo lenyewe si geni. Yapata mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert alisugua kaharabu, akaisogeza karibu na tone la maji, akaliona tone likichongoka. Kaharabu ni ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, unaotungwa tasbihi. Na msomaji ajuaye Kiarabu atatambua kwamba umeme katika lugha hiyo umepewa jina kutokana na jiwe hilo hilo. Mwaka 1902 John Francis Cooley alipata hati ya uvumbuzi Marekani kwa chombo cha kutengeneza nyuzi kwa umeme. Katika miaka ya mwisho ya 1930 Warusi, wakiongozwa na Igor Petryanov-Sokolov, walitumia nyuzi hizi kutengeneza machujio ya vinyago vya kujikinga na hewa ya sumu. Mwaka 1964 Geoffrey Taylor wa Cambridge alieleza kwa hesabu kwa nini tone huchongoka vile. Baada ya hapo habari ilipoa, mpaka miaka ya 1990 Darrell Reneker wa Akron, Marekani, alipoifufua, na tangu hapo maabara nyingi zimeifuata.

Nataka wanafunzi wa Kidato cha Tatu wapige hesabu hii wenyewe. Chukueni gramu moja ya plastiki yenye uzito kama wa maji, muivute yote iwe uzi mmoja wenye upana wa nanomita 200. Urefu wake utakuwa karibu kilomita 31,800. Duara ya dunia ni kilomita 40,000. Gramu moja! Kwa sababu hiyo utando mdogo wa nyuzi hizi una uso mkubwa ajabu wa kushikia vumbi na vijidudu, na mianya kati ya nyuzi huweza kufanywa midogo sana.

Lakini hesabu ya pili inavunja moyo. Tuseme plastiki hiyo ina nguvu ya megapaskali 100, ambayo si nguvu haba. Uzi mmoja wa nanomita 200 utaweza kuchukua mzigo wa kama thuluthi ya miligramu, kisha utakatika. Chembe moja ya mchanga wa pwani, yenye upana wa milimita moja, ni nzito mara nne kuliko hivyo. Juu ya hayo, nyuzi katika utando zimelala ovyo, hazikusokotwa, wala hazishikani ila pale zinapogusana. Utando ukisukumwa na maji hupasuka. Ndiyo maana watu wakatafuta cha kuutia nguvu, na wengi wao wakaiendea kaboni.

Kaboni ni kitu tunachokifahamu. Makaa ya jikoni ni kaboni kwa sehemu kubwa. Ile inayoandika ndani ya penseli si risasi, kama wengi wanavyodhani, bali ni kinywe, nacho ni kaboni. Kinywe kimo kwa wingi katika ardhi ya Tanzania, kule Mahenge katika Wilaya ya Ulanga, Ruangwa katika Mkoa wa Lindi, na Merelani ambako hukaa pamoja na tanzanaiti. Kinywe ni laini kwa sababu kimepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza zenyewe kwa zenyewe. Ukiandika, tabaka zinabaki juu ya karatasi. Lakini tabaka moja peke yake si laini hata kidogo. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walibandika utepe wa gundi juu ya kinywe, wakaubandua, wakarudia tena na tena, mpaka wakapata tabaka yenye unene wa atomu moja tu. Jina lake ni grafini, na kwa kazi hiyo walipewa Nishani ya Nobel mwaka 2010. Mwaka 2008 nguvu ya grafini ilipimwa New York, ikaonekana kuwa, unene kwa unene, inazidi chuma cha kawaida cha kujengea zaidi ya mara mia mbili. Tabaka hiyo ikikunjwa kama jamvi lililoviringishwa huwa mrija. Mirija hiyo ya kaboni ilielezwa waziwazi na Sumio Iijima wa Japani mwaka 1991. Mrija wenye upana wa nanomita 10 waweza kuwa na urefu mara mia au mara elfu ya upana wake, na bado ukaingia ndani ya uzi wa nanomita 200.

Mtu atasema, basi kazi imekwisha. Tuchanganye mirija na plastiki, tuvute uzi, tupate uzi wenye nguvu ya kaboni. Hapo ndipo nilipomkumbuka msokotaji wa Kizimkazi niliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza.

Kwanza mirija haitaki kutawanyika. Kwa udogo wake huvutana sana, ikagandana vibonge, mfano wa unga uliomwagiwa maji kwa pupa. Kibonge ndani ya uzi si nguvu bali ni udhaifu, kwani uzi hukatikia hapo hapo. Kwa hiyo hutikiswa katika kimiminika kwa sauti ya mawimbi makali yasiyosikika na sikio, au hutiwa kitu chenye tabia ya sabuni, kinachoshika mrija kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine. Mwaka 2002 ilionekana kwamba gundi ya mgunga, ile itokayo kwa wingi Sudan na iliyotiwa katika wino tangu zamani, huitawanya mirija ya kaboni vizuri majini. Nimefurahi kuliandika jambo hilo, kwa maana si kila dawa ya maabara hutoka kiwandani.

Kisha mirija yataka ilale kwa urefu wa uzi. Mrija uliolala kingamo hausaidii uzi unaovutwa. Kwa bahati njema hapa umeme wenyewe hufanya kazi. Umewahi kuona vijiti vinavyoelea wakati wa maji kupwa, vikifika kwenye mlango wa mwamba mahali mkondo unapobanwa? Vyote hugeuka, vikaingia kwa kichwa. Mirija nayo, inapopita kwenye ncha ya lile tone lililochongoka, hugeuzwa na mkondo ikalala sawasawa. Mwaka 2003 kundi la Frank Ko huko Philadelphia na kundi jingine huko Haifa yalitangaza nyuzi za umeme zenye mirija ya kaboni ndani yake, na kundi la Haifa lilionyesha mirija ikiwa imelala hivyo kwa urefu wa uzi.

La mwisho, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, ni kushikana. Uso wa kaboni ni laini na mteremko. Plastiki ikivutwa, mrija huweza kuteleza ndani yake kama upanga unaochomolewa katika ala. Mrija haukukatika, umeponyoka. Nguvu yake yote iliyosifiwa vitabuni imebaki ndani yake, uzi haukuipata. Ni kamba iliyosokotwa kwa ulegevu. Kwa sababu hiyo wataalamu huchoma uso wa mirija kwa asidi ili uote vikono vidogo vya oksijeni, na vikono hivyo hushikana na minyororo ya plastiki. Hili nalo lina kiasi chake, kwani asidi ikizidi hula mrija wenyewe na kuudhoofisha. Wengine hupendelea grafini iliyokwisha kutiwa oksijeni, kwa kuwa ni bapa na ina vikono vingi. Urefu nao una kazi. Mrija mfupi mno huponyoka hata ukishikwa vizuri, sawa na usumba uliokatwakatwa urefu wa ukucha, ambao hakuna awezaye kuusokota kamba.

Ushahidi wa haya umo katika vipimo. Mwaka 2005 Haoqing Hou, Reneker na wenzao walieleza tando za nyuzi za umeme za polima iitwayo poliakrilonitrili, zilizotiwa mirija ya kaboni kwa viwango mbalimbali. Kwa sehemu 5 za mirija katika 100 nguvu ya utando iliongezeka kwa kama robo tatu. Waliendelea kutia mpaka sehemu 20. Ugumu, yaani kukataa kunyumbuka, uliendelea kupanda hata ukapita mara mbili ya ule wa kwanza, lakini nguvu ya kuvumilia mavuto haikupanda pamoja nao. Mwanafunzi asichanganye mambo haya mawili katika mtihani. Kitu kigumu si lazima kiwe na nguvu. Kigae cha chungu ni kigumu. Utaona pia kwamba kaboni yenye nguvu mara mia kadhaa haikuleta uzi wenye nguvu mara mia, wala mara mbili. Magazeti yanayoandika kwamba uzi fulani "una nguvu kuliko chuma" kwa sababu tu umetiwa kaboni, yasomwe kwa hadhari.

Je, kazi ya kuongeza robo tatu ya nguvu yafaa taabu yote hiyo? Kwa kamba ya nanga hapana. Kamba ya nailoni yatosha. Kwa chujio la maji naona yafaa, na hapa si jambo la vitabuni tu. Kisiwa chetu kilipata kipindupindu kikali mwaka 2015 na 2016. Kijidudu cha kipindupindu kina upana wa kama nanomita 500, na utando wa nyuzi za umeme waweza kufanywa wenye mianya midogo kuliko hiyo. Lakini chujio hilo husukumwa na uzito wa maji kila siku, husuguliwa, hukunjwa, huoshwa na mtoto mwenye haraka. Likipata tundu moja lisiloonekana kwa macho, maji yatapita hapo. Chujio lililotoboka ni afadhali lisiwepo, kwa sababu mwenye nyumba huliamini akaacha kuchemsha. Kwa hiyo nguvu ya uzi katika chujio ni jambo la uhai na kifo, si la kujionyesha.

Mzazi anayesoma haya asidhani kwamba mpaka apate mtambo wa volti 20,000 ndipo anywe maji salama. Kuchemsha kunaua kijidudu hicho bila ya nano yoyote. Katika vijiji vya Bangladesh, utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kina mama waliochuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa angalau mara nne walipunguza kipindupindu kwa sehemu 48 katika 100. Mianya ya nguo ni mikubwa kuliko kijidudu, lakini kijidudu hicho hupenda kupanda juu ya viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo hunaswa. Na kwa watu wa visima vilivyo karibu na bahari niseme wazi kwamba utando wa namna hii hauondoi chumvi. Chembe za chumvi zilizoyeyuka ni ndogo kuliko nanomita moja, zitapita kama samaki apitavyo katika wavu wa jarife uliochanika.

Tanzania imekwisha kuonyesha kwamba vitu vya kipimo cha nano vyaweza kuwa vya huku kwetu. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na vitu vya nano, linaloweza kutengenezwa kwa kufuata uchafu wa maji ya mahali hasa, kwa mfano floraidi ambayo ni tatizo kubwa huko Arusha. Kwa chujio hilo alipata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Uhandisi, itolewayo na Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, na ilikuwa mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Chujio lake si la nyuzi za umeme. Nimelitaja kwa kuwa ni la nchi yetu na kazi yake ni hiyo hiyo.

Iko hatari ambayo sitaki kuificha kwa kuwa jambo ni zuri. Mwaka 2008 Ken Donaldson na wenzake wa Edinburgh walitia mirija ya kaboni katika matumbo ya panya. Mirija mirefu iliyonyooka ilileta uvimbe na makovu kama yale yaletwayo na asbesto, ile iliyokuwa ikitiwa katika mabati ya saruji. Mirija mifupi iliyojikunja haikufanya hivyo. Mwaka 2014 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka aina moja ya mirija hiyo katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani kwa mtu. Anayeivuta mirija mikavu pamoja na pumzi yumo hatarini kuliko anayeshika uzi ambao mirija imefungwa ndani yake. Lakini kwa chujio la maji ya kunywa lazima aulize mtu: mrija ukiponyoka kutoka katika uzi, unakwenda wapi? Kushikana kule kule tulikokutaka kwa ajili ya nguvu, hapa twakutaka kwa ajili ya usalama wa tumbo la mnywaji. Mimi binafsi nisingependa chujio la namna hiyo liuzwe Darajani kabla maji yaliyopita ndani yake hayajapimwa kwa miezi mingi.

Skuli yetu haina mtambo wa kuvuta nyuzi kwa umeme. Lakini kukatika na kuponyoka kwaweza kupimwa kwa usumba, na vyombo vyote tunavyo. Chukueni usumba wa uzito mmoja, gramu 5 kwa kila kamba, msokote kamba sita zenye urefu wa nusu mita, ya kwanza kwa mizunguko 10, ya pili kwa 20, na kuendelea mpaka 60. Ncha za kila kamba zifungwe kwa uzi wa nailoni, zisijifumue. Tundikeni kamba kwenye boriti, mfunge ndoo chini yake, mtie mchanga polepole mpaka kamba iachane, kisha mpime ndoo. Miguu ikae mbali na ndoo. Baada ya kila kamba kuachana, hesabuni nyuzi zilizokatika na zile zilizochomoka nzima. Chora mstari wa mizunguko na uzito kwenye karatasi ya grafu, na chini yake mstari wa pili wa nyuzi zilizochomoka. Anayetaka kwenda mbele zaidi aifanye tena kwa usumba uliokatwa urefu wa nusu. Majedwali yaletwe chumba cha fizikia kabla ya wiki ya mtihani, nami nitayapanga yatoke katika gazeti la muhula ujao.